Majina Arobaini na Moja

Pipeline
2 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Dishon,

Hujambo? Lydiah hajambo, na watoto? Mimi mzima, ila magoti yananiuma tangu nihamie ghorofa ya tatu. Ngazi ni nyingi, lakini vyumba vya chini sivirudii tena.

Nakuandikia kwa sababu kila nikipiga simu unasema uko kwenye mkutano. Leo ni miezi miwili tangu maji yamuue Mama. Asubuhi ile jua lilikuwa kali, kisha saa tisa ikaja mvua ya siku hizi, isiyojua kunyesha polepole. Mtaro wa nyuma ukakataa kupitisha maji kwa sababu ya ule ukuta wa bohari, yakarudi yote kwetu. Mimi nilikuwa sokoni kwenye cherehani yangu. Mutisya, mlinzi wa ploti ya nyumba zetu, alipovunja mlango alimkuta Mama ameshika dirisha.

Haya unayajua, ulilia kuliko mimi pale makaburini. Nayarudia kwa sababu kuna jambo usilolijua. Kaunti ilikuwa na mpango wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwa wadi yetu: ukuta uvunjwe, mtaro upanuliwe, miti ipandwe kingoni. Mpango ukafutwa. Tunaambiwa wananchi wenyewe waliufuta, kwenye kikao cha Februari, wakataka lango la mtaa lenye picha ya diwani wetu, mheshimiwa Ng'ang'a. Kikao gani? Nani aliitwa?

Tumeunda kikundi, wanawake kumi na wanne ambao maji yaliingia vyumbani mwetu, na Mutisya ndiye katibu wetu. Wewe ni karani wa ofisi ya wadi. Nitafutie kumbukumbu za kikao hicho. Nikimjua aliyeziandika, nitamvua nguo mbele ya watu wote. Naapa kwa kaburi la Mama.

Dada yako,
Nakhumicha

*

Komarock
11 Juni 2025

Dada mpendwa,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima, Mungu ametutunza. Pole kwa magoti, jaribu kuyakanda kwa maji moto ya chumvi.

Kuhusu faili hilo, nimelitafuta. Ofisi ilihamishwa mwezi wa nne na karatasi nyingi zimechanganyika, nitaendelea kutafuta. Lakini dada, nakuomba ukae chini kidogo. Kisasi si chetu, tuliambiwa hivyo tangu Sunday School. Mvua haina mtu wa kushtakiwa.

Mheshimiwa Ng'ang'a amesikia habari za kikundi chenu, na kwa kweli amehuzunika. Jana aliniambia, "Huyo dadako si fundi? Mwambie kuna sare za vijana wa usafi, azishone yeye." Fikiria jambo hilo. Na mkija ofisini na mabango, usisimame mbele. Watu wanaangalia nyuso.

Lydiah anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Dishon

*

Pipeline
14 Julai 2025

Ndugu yangu Dishon,

Salamu nyingi. Huku ni baridi tu, lakini tuko. Sare zake mwambie azivae mwenyewe.

Nilisimama mbele, kama uliona kutoka dirishani. Asubuhi tano mfululizo kila mwanamke alibeba karai la matope ya mtaro akalimwaga langoni kwenu. Siku ya sita magari hayakuweza kutoka. Tuliandika kudai nakala ya kumbukumbu, sheria inaturuhusu, na Ijumaa Mutisya akatiwa bahasha mkononi.

Majina ni arobaini na moja. La kumi na saba ni la Mama. Nafula Wekesa, na sahihi nzuri yenye mkia. Dishon, mama yetu hakuwahi kushika kalamu. Hata kadi ya kliniki alitia dole gumba.

Niliikalia karatasi hiyo siku nzima bila kukanyaga cherehani. Mwandiko ule naufahamu. Sitaki kusema zaidi. Sina hasira tena, hasira imenichosha. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni tukitoka Kimilili, hakuna utakaloniambia nikakutupa. Niandikie ilivyokuwa, kwa mkono wako, ili nipate usingizi.

Dada yako akupendaye,
Nakhumicha

*

Komarock
20 Julai 2025

Dada,

Salamu. Leo sina habari za afya, kwa sababu tangu nisome barua yako sijala.

Ni mimi.

Mheshimiwa aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Akasema, "Dishon, watu wa Pipeline unawajua. Niandikie majina ya waliohudhuria." Nikamwambia, "Mheshimiwa, kikao hakijafanyika." Akacheka. "Kimefanyika sasa hivi. Mimi na wewe." Bohari ni ya shemeji yake, dada. Mtaro ukipanuliwa lazima ukuta uanguke na nusu ya bohari iende. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja uliokuwa unaisha mwezi ule, na aliyekuwa anautia sahihi ni yeye.

Nilianza na majina ya majirani zako. Yalipofika kumi na sita nikakwama. La Mama likaja lenyewe. Nilidhani ni karatasi tu. Karatasi ngapi zinapita mezani pale na hakuna kinachotokea? Wiki saba baadaye ulinipigia simu ukipiga mayowe, na kabla hujasema neno nilijua.

Nimekuwa nikitaka kukuambia. Pale makaburini nilifungua mdomo, ukanikumbatia, nikashindwa.

Tafadhali choma barua hii ukishaisoma.

Ndugu yako,
Dishon

*

Pipeline
25 Agosti 2025

Dishon,

Hujambo. Sikuichoma.

Nilikudanganya nilipoandika kwamba hasira imenichosha. Nilitaka maneno yako kwa wino wako, na nikayapata. Wewe ulijifanya unatafuta faili, mimi nikajifanya sina hasira, basi tumedanganyana sote wawili, ila kwa uongo wangu hakufa mtu.

Ulikuwepo ukumbini Alhamisi, kikundi chetu kilipoitwa kutoa malalamiko, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo acha nikueleze nilichokiona. Niliona kamati ya kaunti mezani, na mwenyekiti wao Norah akiuliza, "Mama, una ushahidi?" Nikaisoma barua yako yote, tangu "Ni mimi" mpaka "choma." Nilisoma polepole kama Mama alivyokuwa akisali. Nilipofika jina la kumi na saba, wanawake wangu wakasimama wote bila kuambiwa. Halafu nikageuka nikutazame. Nilingoja uinue macho. Ulipoyainua nilihisi utamu ambao sijauhisi tangu mwezi wa nne. Polisi walipokushika mkono nilikaa chini nikafungua chupa yangu ya chai nikanywa.

Aliyenitia nyongo ni mwingine. Ng'ang'a alisimama na tai yake akasema, "Hata mimi nilidanganywa na karani huyu." Akatoka kwa mlango wa mbele, akapanda gari lake. Nilikuwa na mshale mmoja, ukakuangukia wewe. Yeye hata hakukwaruzwa. Na ukuta bado umesimama.

Usiniandikie kama huna la maana.

Nakhumicha, binti wa Nafula

*

Rumande
12 Oktoba 2025

Kwa Nakhumicha, binti wa Nafula,

Nakusalimu, ingawa hukuomba salamu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nina la maana. Wiki jana alikuja wakili niliyekuwa simjui. Akaniambia, "Sema uliyafanya peke yako. Mheshimiwa ataiangalia familia yako, na wewe utatoka mapema." Nikamuuliza kama mheshimiwa angeweza pia kumwangalia mama yangu. Akafunga mkoba wake.

Siku ile nikiandika majina, Ng'ang'a alinitumia ujumbe mara tatu akiniharakisha. Wa mwisho ulisema: "Yafike arobaini kabla ya saa kumi. Usisahau wazee, hawasomi." Nilificha simu ile kwa Lydiah, kwenye pipa la unga. Nilikuwa naiweka ili siku moja inikinge. Jana nilimwambia aipeleke kwa wapelelezi, na kesi ikisikizwa nitasimama niseme yote, hata yanayonizidishia kifungo.

Usidhani nimeokoka. Hapa ndani nimejifunza kuchukia, nawe ndiye mwalimu wangu. Nataka kumwona akishuka ngazi akiwa ameshikwa mkono kama mimi. Baada yake sijui nitataka nini.

Kuhusu Lydiah na watoto sikuombi kitu. Sina uso huo.

Dishon

*

Pipeline
19 Januari 2026

Dishon,

Hujambo huko? Nimesikia umepewa miaka mitatu. Nilikuwa ukumbini mwa korti, nyuma kabisa, nikakuona ukisema yote bila kuinama. Ng'ang'a amenyimwa dhamana. Alishuka ngazi kwa mlango wa nyuma safari hii, viatu havina kamba.

Ukuta ulivunjwa tarehe nane Desemba. Tulibeba viti vyetu tukaketi mstari mmoja kama watu wa harusi, na tingatinga lilipougonga mara ya kwanza Mutisya alilia. Mpango wa kaunti umerudishwa. Mtaro umechimbwa mpaka barabarani, na sisi wenyewe ndio tunaomwagilia miche. Jumanne iliyopita mvua ilishuka ile ile ya kichaa. Wote tulitoka tukasimama kwenye korido. Maji yakapanda, yakanguruma, yakapita. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natafuta dirisha lililokuwa la Mama.

Nilidhani siku hiyo nitakuwa nimeshiba. Sijashiba. Sijakusamehe, Dishon, na usingoje. Ukitoka, usije mlangoni kwangu.

Lakini Oktoba, kabla shule hazijafungwa, nilipita Komarock kumpelekea Lydiah nguo zako zilizokuwa zimebaki kwangu, nikamkuta binti yako Sally amekaa ngazini na sare imeraruka kifuani. Watoto wa shule wanamwita binti wa muuaji. Nikamuuliza, "Nani alianza kukuita hivyo?" Akasema, "Mama wa Kate, wa darasani kwetu. Alikuwa ukumbini shangazi akisoma barua."

Alisema kama hajui kwamba shangazi huyo ndiye anayeongea naye kwa upole. Au alijua.

Basi wako hapa kwangu, yeye na ndugu yake Sydney na mama yao, tangu sikukuu ya mwaka mpya. Shule nimewabadilishia. Sare nimeshona mpya, nimewaandikia majina kwa uzi ndani ya kola, majina yao wenyewe, kwa mkono wangu.

Wanakula. Usihofu.

Shangazi wa watoto wako