Mama Kapinga Tshiala, Mhandisi wa Moto wa Ndege

Mwaka umetimia, Mama, tangu Aprili ile ya 1997 tulipokulaza katika udongo wa Lubumbashi, mji uliokuzaa na ambao baadaye ulikuambia wewe si wake.

Bado tunakuona asubuhi ukinusa chai kabla ya kuinywa. Ulinusa kila kitu: mafuta, sabuni, hata mashati ya baba yetu, Papa. Ulisema mtu anayefanya kazi na moto ni lazima pua yake itangulie macho. Ulicheka kwa sauti ndogo, na mgeni akija hukukubali kula kabla yake.

Baba yako, fundi wa reli aliyetoka jimbo la Kasai, alikulea Kamalondo, mtaa wa humu humu mjini. Wasichana wengi wa rika lako walipelekwa kujifunza kushona. Wewe ulikwenda Ubelgiji kusomea injini za ndege, na ndani ya injini ukachagua kitu kimoja tu, moto wenyewe. Ulitueleza mpaka sisi watoto tukaelewa. Ndege inapopanda juu sana, hewa inakuwa nyepesi na baridi, na mwali ulio ndani ya injini unaweza kuzimika. Ulitaka kujua kwa nini mwali mmoja unashika na mwingine unakufa. Profesa wako alikuomba ubaki kule. Ukarudi, ukaolewa na Papa Gérard, mtu wa hapa hapa Katanga, ukaanza kufundisha.

Chuoni walikupa ghala tupu. Uliomba injini iliyochakaa kwenye uwanja wa ndege wa Luano, ukatoa chumba chake cha kuchomea mafuta, ukakifunga juu ya meza ya chuma. Kerosene ilipokuwa haba ukaanza kuichanganya na mafuta ya mawese. Wenzako walikutania, wakauliza kama ndege zako zitanuka sombe, kisamvu kile kinachopikwa kwa mawese. Siku mwali uliposhika bila kutetemeka, ulirudi nyumbani uso mzima masizi, ukamkumbatia Papa akiwa na shati lake jeupe la kanisani. Hakulalamika.

Kisha ukaja mwaka 1991, na uporaji ulioenea mji mzima. Watu waliingia ghalani wakabeba mabomba, vipimo, meza, hata nyaya za ukutani. Ulikimbilia kule, nasi tukadhani unakwenda kuwazuia. Wewe ulisimama mlangoni ukiwaambia wale waporaji: "Bebeni byote, lakini mutupe kwanza sigara zenu chini. Mu ile mapipa muko kerosene. Mutaungua." Wakazitupa. Kazi yako yote ikapita mbele yako juu ya mabega ya watu, lakini hakuna aliyeungua.

Mwaka uliofuata vijana wa Katanga walianza kuwafukuza watu wa Kasai. Kaka zako walilala kituoni na watoto wao, wakingojea treni ya kuwapeleka nchi ambayo watoto hao hawakuwahi kuiona. Asubuhi moja ulikuta wanafunzi wamefunga mlango wa darasa lako. Mbele yao alikuwa Kapya, yule uliyemsifu kuliko wote.

"Madame, cours yako imekwisha," alikuambia. "Bantu ba Kasai barudie kwabo."

"Kwetu ni Kamalondo," ulimjibu. "Niende wapi?"

Ulirudi kwa miguu.

Profesa wako wa Ubelgiji alisikia, akakutafutia kazi kule, lakini nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Papa alikusihi uende, akasema watoto watakula tu, yeye yuko. Ulikataa. Sisi tulifurahi, Mama. Tulikuwa wadogo, tukafurahi, na leo furaha ile inatuuma.

Dada yake Papa, Shangazi Chileshe, alitupokea Naviundu, pembezoni mwa mji, ambako majirani hawakukujua. Kule ulitengeneza mbabula, majiko ya makaa, kwa mabati ya mapipa ya zamani. Ulitoboa kila tundu kwa uangalifu, ukakaa kimya ukitazama jinsi makaa yanavyoshika. Wamama wa Naviundu walisifu kwamba mbabula zako hazimalizi makaa. Tulijivuna. Lakini tulipokuona umechuchumaa uani, na ile akili yako yote ikiwa imeinamia chungu cha maharage, tulitamani kulia.

Miaka ikapita, na siku moja Kapya akasimama kwenye lango. Alikuwa amekonda. Alisema hawezi kumaliza utafiti wake, kwa sababu chuoni hakuna tena anayeelewa mambo ya mwali.

"Wewe ndiye ulinifungia mulango," ulisema.

"Ndiyo, Madame. Ni miye."

Shangazi alitaka umfukuze. Wewe ulivuta kiti.

"Ingia. Ikala. Unionyeshe fasi yenye ulifikia."

Tangu siku hiyo alikuja kila juma, nawe ukamfundisha hapo uani, kati ya mabati na nyundo. Tulisikia sauti yako ya zamani ikirudi.

Moyo wako ulishindwa wakati waasi walipokuwa wanauteka mji na risasi zinalia. Papa na Kapya walikubeba. Hospitali ya kwanza waliikuta imefungwa, na ya pili haikuwa na dawa wala daktari. Wakakurudisha nyumbani.

Kapya amemaliza kazi yake mwaka huu, na jina lako liko ukurasa wa kwanza. Anafundisha anachokijua. Mengine uliondoka nayo.

Alasiri ya mwisho, mimi Simone nilikuuliza kama unajuta kurudi kutoka Ulaya. Ulisema hapana, ungerudi tena. Ukafumba macho, tukadhani umelala. Kisha ukanishika mkono.

"Ile moto ya mawese, Simone, nilikuwa karibu kuielewa. Nilibakisha kidogo tu."

Tunaokulilia ni mume wako Gérard, watoto wako Simone na Désiré, wifi yako Chileshe aliyekupa nyumba, kaka zako walioko Mbuji-Mayi, kule Kasai, ambao hawakuweza kuja kukuzika, Kapya mwanafunzi wako, na wamama wote wa Naviundu.

Mama Kapinga, maadamu tuko hai, hatutakusahau.