Kura za Watani Wetu

Jumapili, mahindi yakiwa bado shambani.

Nyapara yule mpumbavu, lakini leo nimemlisha ugali wangu.

Mashindano ya ngoma hapa kambi ya mkonge anayaendesha yeye. Kura ni miguu: ngoma uliyoipenda, unakwenda kusimama nyuma yake. Leo aliyetuongoza kuimba ni mjukuu wangu Mwajuma, mara ya kwanza tangu azike mtoto wake. Alikuwa ameniambia, "Bibi, wakinikataa, sifungui kinywa tena."

Akaimba. Wanyamwezi, watani wetu, wakaja wote nyuma yetu wakipiga kelele. "Sauti kama mbuzi mwenye kikohozi! Nyie Wasagara, tupeni kuku tuondoke!"

Nyapara ni mtu wa mbali, akadhani ni fujo. Akawafukuza wala hakuwahesabu. Tukashindwa.

Jioni akaja mlangoni, kofia mkononi. "Shikamoo, bibi. Nimeambiwa nimekosea. Kwetu mtu akikutukana hivyo ni vita."

"Marahaba. Hapa ni mapenzi. Mdomo wa kuuliza huna?"

"Nikigeuza neno langu, bwana mkubwa atanifukuza kazi."

Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja chungu. Nikampakulia.

Tukiwa tunakula, watani wakapita nje. "We mbuzi! Umekufa?"

Mwajuma alikuwa amejifunika shuka tangu tulipotoka uwanjani. Akaamka, akatoka, akawajibu kwa wimbo, na kila mstari una tusi lake.

Nyapara akaacha tonge, akaenda kusimama nyuma yake.

Hiyo nimeihesabu mimi.