Gredi ya Kwanza na Sauti ya Pili

Kikwe, Meru
9 Februari 2025

Mdogo wangu Sifaeli,

Shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa, maana mimi ndiye niliyekutangulia duniani, na hilo hakuna ugomvi unaoweza kulibadilisha. Marahaba. Mimi ni mzima. Meno ya mbele bado ni yangu mwenyewe, na pumzi ninayo kama dume la ng'ombe. Goti la kushoto tu ndilo linaloninung'unikia. Natumaini huko Mpanda wewe na shemeji na wajukuu hamjambo, na shamba linawapa chakula. Hapa jua ni kali, mfereji tunaupata mara moja kwa wiki, na wazee bado wanagombea zamu ya maji kama ulivyowaacha.

Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu nikipiga simu unampa shemeji aongee. Barua yenye jina lako itabidi uifungue mwenyewe. Ninalotaka nalisema mapema: nataka uje nyumbani Pasaka hii, tupige tarumbeta pamoja kwenye kaburi la shemeji yako Eunike. Najua hapo umekunja uso. Usiichane. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu uamue.

Habari kubwa ni kwamba nimefaulu. Mwezi wa kumi na moja nilifanya mtihani wa muziki, gredi ya kwanza, nikiwa na miaka sabini na mbili, na cheti kimekuja. Kina muhuri, na jina langu limeandikwa kwa herufi za kulala. Katika kata hii yote hakuna mzee mwenye karatasi kama hiyo. Mimi niliyeachia shule darasa la nne! Wale waliofika la saba na kunicheka, waulize wana cheti gani cha kutoka ng'ambo.

Mwalimu wangu ni binti anaitwa Prisca, mkazi wa Olasiti. Anafundisha Ngarenaro, chumba cha nyuma cha karakana ya makochi. Siku ya kwanza aliniamkia vizuri, akaniuliza mtoto wa kufundishwa yuko wapi. Nikamwambia mtoto ndiye mimi. Nikampigia tenzi tatu bila kitabu, mpaka mafundi wakaacha kugonga misumari. Akasema babu unapiga kuliko hata mimi, akaweka kidole kwenye karatasi na kuniuliza hiyo nota inaitwaje. Nikamjibu kwamba macho yangu yana ukungu. Jumanne iliyofuata akaniletea nota kubwa kama mbegu za maharage, kazichora mwenyewe kwa kalamu nzito. Binti yule ni mbishi. Tumeelewana.

Mwaka mmoja na nusu nimekwenda kila Jumanne. Siku nyingine nilifanya mazoezi nyumbani, kitabu nimekiegemeza kwenye kiti cha Eunike, maana ndicho chenye urefu unaofaa na hakuna anayekikalia. Watoto wako Dodoma na Dar. Wananitumia sauti kwenye simu, nazisikiliza, najibu, halafu simu inanyamaza mpaka wiki nyingine. Nikikosea nota hakuna wa kuniambia. Nikipatia, pia hakuna.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye benchi mimi na watoto wa miaka minane, tisa, wamevaa soksi nyeupe. Nilivaa koti nililofungia ndoa. Mtahini alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, na Prisca alikuwa amenifundisha Kiingereza cha kunitosha. Nyimbo zangu tatu zilikwenda. Skeli, zile ngazi za nota za kupanda na kushuka, zilikwenda, isipokuwa moja iliyojikwaa ikainuka. Kwenye sehemu ya kusikia, anapiga kinanda nami namwimbia alichopiga, nilipata alama zote, hakubakisha hata moja. Nilimwongezea na besi bila kuombwa. Alicheka.

Halafu akanipa karatasi ambayo sijawahi kuiona, mistari miwili tu. Ndivyo mtihani ulivyo: unapewa nusu dakika kuitazama, kisha unapiga. Nikaitazama. Nikamwomba, kwa hicho Kiingereza changu, aniimbie kwanza mara moja. Akatikisa kichwa kwa upole. Nikamwomba tena, nikidhani hajanielewa. Alikuwa amenielewa. Basi nikainua tarumbeta, Sifaeli. Nikaanza nota ya kwanza, nikaitafuta ya pili, nikaipata, nikaenda hivyo hivyo kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilipata alama saba katika ishirini na moja. Jumla ikatosha.

Cheti kilipokuja nilikipeleka dukani, nikakipeleka kwa wazee wa mfereji. Wakanipongeza, wakarudi kwenye zamu yao ya maji. Nikaja nacho nyumbani nikakisoma kwa sauti, nimesimama, kama vile kuna mkutano.

Sasa nisikilize. Nilimwomba yule mama aniimbie kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kila wimbo maishani mwangu. Sikujua kusoma nota. Miaka ishirini na sita niliongoza bendi ya usharika na kitabu wazi mbele yangu, na sikuijua hata moja. Aliyezijua ni Eunike, alifundishwa misheni akiwa msichana. Kila Jumamosi jioni alikaa anapukuchua maharage huku ananiimbia sauti zote, ya juu, ya kati na besi, nami nazishika. Kitabu kilikuwa cha Kijerumani, kwa hiyo ukurasa wa wimbo aliuwekea uzi mwekundu, ili Jumapili nisifungue pengine. Hakuna aliyejua, hata watoto wetu.

Ijumaa Kuu ya mwaka tisini na nne, kwenye mazoezi ya Pasaka, ule uzi ulidondoka. Nikafungua kwa kubahatisha. Tukiwa katikati ya wimbo, wewe uligeuka, ukatazama kitabu changu, ukanitazama mimi, ukatabasamu. Baadaye Eunike aliniambia kilikuwa wazi kwenye wimbo wa Krismasi. Labda ulitabasamu kwa jambo lako jingine, miaka thelathini nimejiuliza. Lakini pale niliona nimekwisha. Nikasimamisha bendi, nikakuita mbele, nikakuamuru usome ule mstari nota moja moja.

Ukasema taratibu, "Kaka, mimi nashika kwa masikio tu."

Nikakunyang'anya tarumbeta mbele ya watu wote. Nikasema bendi ya Mungu si ya mbumbumbu. Wewe unalikumbuka neno hilo kuliko mimi. Usiku ule hukulala nyumbani.

Eunike alipofariki miaka minne iliyopita rambirambi zako zilifika, ila wewe hukufika, na sikukulaumu. Kwa hiyo hukuona. Siku ya mazishi bendi ya sasa ya vijana ilileta wimbo mpya. Kwa heshima wakaniwekea kiti cha mbele, na karatasi yangu. Nilikaa na tarumbeta mapajani tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Watu wakasema mzee amezidiwa na majonzi. Majonzi nilikuwa nayo, ndiyo. Lakini sikumpigia mke wangu kwa sababu sikujua kusoma, na aliyekuwa ananiimbia alikuwa ndani ya sanduku.

Nilikukosea, mdogo wangu. Neno hili nimeliandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kulihamishia hapa.

Wimbo ule wa mazishi sasa naujua. Nimeusoma mwenyewe, Prisca hakuniimbia hata nota moja. Ila ni wa sauti mbili, na ile ya kwanza ikienda peke yake ni kama mtu anayesalimia nyumba isiyo na watu. Ningeweza kuwaomba vijana. Sitaki vijana. Tarumbeta yako imo kabatini, vali zake nazipaka mafuta kila mwezi, zinateleza. Sauti ya pili nimekunakilia nyuma ya karatasi hii kwa penseli, na nota nimezichora kubwa. Ukishindwa kuisoma usione haya. Njoo Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka. Nitakaa nikuimbie mpaka uishike.

Msalimie sana shemeji, mwambie simu zake nazithamini ingawa mimi nilikuwa namtafuta mumewe. Wajukuu wabusu vichwani kwa niaba ya babu yao wasiyemjua. Mlima unawasalimu, leo asubuhi ulikuwa wazi mpaka kileleni. Kiti cha Eunike nitakiondolea kitabu, upate pa kukaa.

Ni mimi kaka yako,
Kaanaeli
(Gredi ya Kwanza)