Pini Mdomoni, Malkia Getini

Chumba cha Cherehani,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo.
Jumapili mchana, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo, mtoto wa mwisho wa mama? Hali yako, miguu yako (najua kazi ya hotelini ni ya kusimama), usingizi wako, majirani zako? Kama u mzima, kaa usome. Kama una mafua, kunywa kitu cha moto kwanza, ndipo usome. Mimi mzima kama chuma cha reli, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeanza kunijibu jeuri kila nikipanda ngazi. Mama naye mzima, na sauti yake ndiyo nzima zaidi. Jana alinigombeza kutoka uani nikamsikia nikiwa barabarani.

Utashangaa kuona karatasi. Mtu mwenye simu mbili anaandika barua kama enzi za babu! Lakini wewe unanijua. Kwenye simu mdomo wangu unakimbia wenyewe, nakuchekesha, unacheka, salio linakwisha, na lile uliloniuliza linabaki palepale. Uliniuliza jambo moja, na mimi nimelizunguka karibu mwezi mzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nitalifikia. Niache nizunguke kidogo tena, maana leo kukaa kumenishinda. Nimekaa, nimesimama, nimefungua dirisha, nimelifunga, nimeitia mafuta cherehani ambayo jana tu niliitia mafuta.

Kwanza habari kubwa: kaka yako sasa ni mwandishi wa vitabu. Usicheke. Haya, cheka, ukimaliza turudi. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililipita kama abiria aliyelala. Lakini nimeshona nguo katika bandari tatu, nimewapima wake za mabalozi na mwanamke mmoja aliyedai ni binti wa mfalme, na mwanamke akisimama kupimwa, ndugu yangu, husema yote. Habari nilizo nazo kichwani, maktaba haina.

Naandika zile riwaya za kina dada. Unazijua, ulikuwa ukizificha chini ya mto: binti wa mjini ana kazi inayomchosha, ana marafiki wawili wenye ndimi kali, ana viatu vizuri visivyotembeleka, na moyo wake umevunjwa na kijana mwenye gari la kuazima. Unacheka, unalia kidogo, unacheka tena, na mwisho wake lazima uwe mtamu. Wasomi wanazibeza. Waache. Kumchekesha mtu aliyechoka, akiwa peke yake chumbani, ni kazi ngumu kuliko kukunja uso.

Ilianza hivi. Wateja wangu watatu, mwenye saluni, karani wa benki na nesi mmoja, wanaandika riwaya hizohizo, na walikuwa wanatafuta mahali pa kukutana wasomeane. Mimi nina ile meza ndefu ya kukatia. Wakaja Alhamisi moja baada ya kazi. Mimi nikajifanya napiga pindo huku masikio yamesimama kama ya sungura. Mmoja akasoma mhusika wake anakimbilia lifti amevaa sketi ya kubana isiyo na mpasuo. Nikadakia kwamba haiwezekani, angeanguka. Mwenye saluni akanigeukia: "Fundi, wewe unazishona tu. Wanaokimbia nazo ni sisi!" Walicheka mpaka rili za uzi zikaviringika chini ya meza. Juma lililofuata nikaja na sura yangu ya kwanza.

Kanuni yao ni moja, na ni ya kikatili. Ukishasoma, unanyamaza. Wenzako wanaongea, kwanza sifa, halafu mkasi, na wewe hata kuguna huruhusiwi mpaka wamalize. Mimi, Kitinda! Mara ya kwanza nilijitetea kuliko wakili. Nesi, yule mrefu anayenyoosha kidole akiongea, akaokota pini zangu mezani akasema, "Weka mdomoni, kama unavyofanya ukinipima." Tangu siku hiyo ndivyo tunavyokwenda. Nimekuwa mtu mpole kwa nguvu za chuma.

Nimeinuka kunywa maji. Nimerudi.

Mhusika wangu anaitwa Malkia. Ameachwa na mchumba, amefungasha, amekwenda mbali kufanya kazi hotelini; alianza kwa kutandika vitanda na sasa anasimamia vyumba vya ghorofa nzima. Usinitazame hivyo. Nimembadilisha pua.

Bosi wake anampa mkataba wa miaka minne. Malkia anamwandikia kaka yake: nisaini au nirudi? Sura ya mwisho niliiandika kwa pumzi moja. Kaka anajibu neno moja tu, Rudi. Malkia anapanda ndege amevaa gauni la njano, na getini kwa mama yake amesimama daktari wa meno, kijana mpole, ana maua mkononi. Mwisho. Alhamisi iliyopita nikaisoma, nikaweka pini mdomoni, nikangoja makofi.

Mwenye saluni alilisifu gauni. Halafu mkasi ukaanza.

"Huyu daktari wa meno katoka wapi?" karani wa benki akauliza. "Kitabu kizima hayumo, leo kasimama getini kama mlinzi!"

"Kaja kung'oa jino," akasema mwenye saluni, wakaangukiana kwa kicheko.

Nesi hakucheka. "Mama anataka arudi. Kaka anataka arudi. Bosi anataka abaki. Malkia mwenyewe anataka nini? Mbona anapakiwa kwenye ndege kama sanduku?"

Pini zikanichoma mdomo wa chini, nikazitema. Kanuni nikaivunja. "Mimi namjua huyu mtoto," nikasema. "Anapenda njano. Anaogopa radi. Akilala peke yake hapati usingizi."

"Hiyo ya mwaka gani, Fundi?" Nesi akauliza, taratibu tu.

Nikaziokota pini nikazirudisha mdomoni bila kuamriwa, mdogo wangu. Mimi! Wenyewe walishtuka, karani akakimbia kuniletea maji akidhani nimemeza pini.

Tangu hapo sijatulia. Nilifungua tena ile picha uliyotutumia ukiwa na wenzako wawili wa kazini. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nilikuwa nakagua kama umekonda. Safari hii niliitazama kama fundi. Nywele umekata. Umevaa buluu ya giza. Mabega yamefunguka, mgongo umenyooka, husimami tena umejikunyata kama siku ile ulipoondoka. Na unacheka kicheko ambacho sikukufundisha mimi.

Nikwambie na hili, usije ukalisikia kwa mwingine. Mama amefungua chumba chako, ameanika godoro juani, na ameniagiza nikuandikie neno lilelile moja la kitabuni. "Wewe anakusikia," ameniambia, na amelisema kwa sauti ndogo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Gauni la njano nalo si la Malkia peke yake. Mama aliniamuru nilishone ulivae ukifika. Nililikata kwa vipimo vyako nilivyo navyo kichwani, maana mimi mtu simpimi mara mbili, na kwa hilo nimejisifu mji mzima.

Leo asubuhi nimelifumua mishono yote. Mama ameingia akanikuta katikati ya vipande, akaniuliza kama nimepata kichaa. Nimemwambia kitambaa bado kizima.

Basi jibu langu, kabla sijainuka tena kufungua dirisha. Mimi nataka urudi. Nimeliandika kwa wino ili usije ukasema kaka yako alijifanya shujaa. Mpaka leo nikipita mlangoni kwako nakanyaga polepole kama kuna mtu amelala ndani. Lakini hilo ni langu, na mama ana lake, na yote mawili hayajibu swali la Nesi. Usirudi kwa sababu godoro limeanikwa. Wala usisaini kwa sababu bosi amekunyooshea kalamu.

Ukisaini, mama niachie mimi. Atanuna, atanigombeza mpaka wapita njia wasimame, kisha nitamchekesha. Ndiyo kazi niliyoisomea kweli. Ukirudi, nitakuja kukupokea mwenyewe na goti langu, na hakuna daktari wa meno atakayesogelea geti bila ruhusa yako.

Nina ombi moja. Nitumie vipimo vyako vya sasa. Mwambie mmoja wa wale wa pichani akupime, usijipime mwenyewe, nakujua, utaiba inchi kiunoni. Na rangi uitaje wewe. Kitambaa hiki kinakubali kutiwa rangi nyingine, hata buluu ya giza itashika. Nataka gauni likukae sawasawa, ulivalie huku au ulivalie hukohuko. Na sura ya mwisho nimeichana. Wenzangu nimewaambia wasiniulize mpaka nisikie kutoka kwako.

Mama anakusalimu, na kwa sauti yake nadhani umeshasikia. Wifi yako anakusalimu, anasema ukinisifia uandishi nitaacha kabisa kushona, kwa hiyo unisifie kidogo tu. Mjomba anakusalimu, bado anatafuta miwani iliyo usoni mwake. Mwenye saluni, karani na Nesi nao wanakusalimu, ingawa nimewaapia kwamba Malkia si mtu wa kweli. Hata pua hawakuiamini.

Mungu akutangulie mlangoni na akufungie dirisha radi ikipiga, kama bado unaiogopa. Kama huiogopi tena, akupe tu usiku mwema.

Nimeshasoma, Kitinda. Zamu ni yako. Naziweka pini mdomoni.

Wako akupendaye kwa vipimo vyovyote,

Kaka Fundi