Bi Mdogo Anajifunza Kupumua

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata mjukuu. Mapema mno! Mimba ilikuwa ya miezi sita na nusu tu. Asubuhi binti yangu alishikwa na kifafa cha mimba, presha juu, wakampasua haraka. Mumewe ni dereva wa malori, yuko safarini, hapatikani kwa simu. Mama yake binti, mke wangu, alishatangulia mbele ya haki. Basi nimebaki mimi, mshona viatu mwenye vidole vya gundi.
Binti hajazinduka. Mtoto ni wa kike. Nimemwona kupitia dirisha la wodi. Panya! Mungu anisamehe, ndilo neno lililonijia.

Jumanne, 5 Machi
Nimenawa mpaka viwiko, nikaruhusiwa kuingia. Yuko kwenye sanduku la kioo lenye joto, mpira unampulizia hewa puani. Nikamuuliza daktari — msichana wa miwani, ni sawa na mwanangu — mbona kifua kinabonyea hivyo? Akasema mapafu yana utelezi ndani, unaoyazuia yasigandane, na utelezi huo huja miezi ya mwisho. Huyu katoka kabla haujaja. Wamemtia utelezi wa dawa. Hata hivyo kila pumzi kwake ni kama kupuliza puto jipya.
Puto jipya! Kutwa kucha! Na mikono kama njiti za kiberiti.
Jioni binti kafumbua macho. Kauliza neno moja: analia? Nikasema ndiyo. Sijamsikia hata mara moja.

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe huwa anasahau kupumua. Mashine ililia, rangi ikamtoka, kifua kimya. Sista akaingiza mkono, akampapasa unyayo kwa kidole kimoja. Akashtuka, akavuta hewa. Sista anacheka. "Bado mchanga, babu. Ubongo wake haujajua kuwa kazi hii haina likizo."
Dawa ya kumkumbusha ni jamaa ya kahawa. Kahawa! Kitovu hakijakauka, na yeye keshakuwa mnywaji kama wazee wenzangu. Nimemwita Bi Mdogo. Jina limeshika wodi nzima. Wakati natoka Sista kaniita: "Babu, mkeo leo kakojoa vizuri!"

Ijumaa, 8 Machi
Sasa moyo. Daktari kasikiliza, kasikia mvumo. Kanieleza polepole. Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo damu hupita njia ya mkato, inayakwepa mapafu. Akizaliwa, njia ile hujifunga yenyewe.
Yenyewe! Miaka yote hii natembea na mlango uliofungwa ndani yangu, wala sikuwahi kumshukuru aliyeufunga.
Wa Bi Mdogo uko wazi. Damu inafurika mapafuni. Wataanza dawa. Ikishindikana, ni upasuaji.

Jumatatu, 11 Machi
Sista anataka kifua. Kifua gani? Chako, babu. Mama bado hawezi kukaa, na mtoto anahitaji ngozi ya mtu, abebwe kama kangaruu. Nikamwambia atafute kijana, changu ni mvi na mbavu tupu. "Hajauliza umri," akasema.
Nikafungua vifungo.
Uzito wake hata kiatu cha mtu mzima kinamshinda. Na ule moyo! Haudundi, unatetemeka, mbio mbio, juu ya wangu unaojikokota. Nikivuta pumzi anapanda. Nikiishusha anashuka. Taratibu pumzi zake zikanyooka, namba kwenye mashine zikatulia. Pua iliniwasha, nikaiacha iwashe. Nani angethubutu kujikuna?

Jumatano, 13 Machi
Mlango umefungwa! Daktari kapima kwa picha, kanigeuzia kioo cha mashine nione: damu ilikuwa inapita hapa, sasa haipiti. Mimi naona kijivu na giza, lakini nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi.
Mkwe kapatikana. Akalia simuni, kaegesha lori kando ya barabara. Kaniuliza kama mtoto anafanana naye. Nikamwambia usoni kajaa mpira, subira.

Ijumaa, 15 Machi
Hakuna jipya. Kalala kifuani. Nami nikalala.

Alhamisi, 21 Machi
Naandika papo hapo wodini, daftari gotini. Binti kaletwa kwa kiti cha magurudumu. Siku zote hizi alimjua mwanawe kwa picha za simu yangu. Kumwona, mikono ikarudi nyuma. "Baba, nikimuumiza?" Nikamwonyesha vidole vyangu: kama hivi havijamuumiza, vyako je? Akacheka, akalia, akampokea.
Daktari kasema leo tujaribu bila mpira. Sista kautoa. Uso mzima, kwa mara ya kwanza! Pua ya marehemu mke wangu, ile ile pana, ya kiburi!
Kapumua. Kapumua tena. Binti kainamisha kichwa juu yake.
Sasa katulia. Katulia mno. Namba zinateremka. Sista keshauchukua mpira, anausogeza puani.
"Ngoja, Sista." Binti hakuinua hata macho. Kidole chake kinapita mgongoni, juu, chini. "Vuta, mama. Vuta."
Mkono wa Sista umebaki hewani na mpira wake. Namba zimeacha kushuka, kifua kinapanda —