Mama Anauliza Watachimba Dawa Wapi

Uyole, Jumanne

Eti Neema anampeleka mama Ujerumani. Kazi ya huyu mdogo wangu ni kulipa nauli tu. Wa kuumiza kichwa mama abadilishie ndege wapi ni mimi.

Mama anaogopa kupotea. Nimechagua Nairobi, angalau huko ataulizia kwa Kiswahili. Akaniuliza, "Hapo ndipo tutachimba dawa?" Anadhani ni kama basi la Iringa, linasimama porini watu wajisaidie. Nikamwelewesha taratibu.

Mara jirani akaingia. Mama akamwambia, "Neema amenitafutia njia rahisi."

Neema! Roho iliniuma, nikajifanya niko bize na ugali.

Jirani alipoondoka, mama akasema, "Nikipotea nitakupigia wewe."

"Mpigie Neema," nikamjibu.

Alicheka sana. Alidhani natania.