Mama Anavaa Viatu Ndani

Mchinga

Kaka Hussen, shikamoo.

Umeandika: "Zile soli hazikumsaidia Mama. Miguu imeshachoka, aje akae kwetu." Nakataa. Alizitia ndani ya viatu, zikainua uvungu wa unyayo kama alivyosema daktari. Lakini viatu alikuwa anavivua mlangoni! Umesahau tumelelewa nyumba gani? Kutwa alipika na kufagia peku juu ya saruji, halafu sisi tukasema soli hazifai.

Nilipomwambia avae hadi ndani, akanikemea: "Viatu ndani, Shamimu? Nisujudu juu ya mavi ya mbuzi?"

Nikamletea raba mpya, nikazifungua chumbani kwake, nikatia soli humo. "Hizi hazijakanyaga hata baraza." Akazinusa, kaka, ndipo akazivaa. Akitoka, soli anazihamishia kwenye viatu vya nje. Hii ni wiki ya sita. Asubuhi hashiki tena ukuta, na juzi alikwenda mwenyewe kuitazama mikorosho yake. Imetoa maua.

Mimi ndiye nisiyetulia. Naandika huku nikiinuka kila mara kumchungulia, maana tangu apate salamu zako ameshafunga mzigo. Nilimuuliza kama anataka kwenda. Akajibu, "Si mwanangu ameniita?" Akageukia ukutani.

Kaka, nawe wifi Fauzia unayesoma pembeni yake, gari mnalotaka kulileta Jumamosi kumchukua lisije. Mpigieni Mama simu leo, mmwambie nyinyi wenyewe afungue mzigo wake.

Mdogo wenu,
Shamimu